Tulimwita Baraka tukijua ni mvulana, akazaliwa binti

Assalaam alaykum Bi Mshauri,

Mimi ni mama, naishi Langoni hapa Lamu. Mume wangu ni mzaliwa wa Malindi, fundi seremala, na kazi ndiyo iliyomleta huku tukaoana. Mimba yetu ya kwanza iliharibika. Ya pili ndiyo hii niliyojifungua juzijuzi. Bado niko ndani ya arobaini, na nakuandikia mtoto akiwa amelala ubavuni pangu.

Mimba ilipokuwa kubwa nilifanyiwa skani, nikaambiwa ni mtoto wa kiume. Usiku ule mimi na mume wangu tukakubaliana jina: Baraka. Tangu hapo nikawa namwita hivyo. Nikiinama kusugua sufuria akanipiga teke, namwambia, "Baraka, mwache mama amalize." Nikikosa usingizi nazungumza naye. Mimba ya kwanza sikuthubutu kuipa jina, niliogopa. Hii nikajipa moyo.

Akazaliwa mwana mke. Mzima, alhamdulillahi, na nywele tele. Alipowekwa kifuani kwangu neno la kwanza lililonitoka ni "Baraka." Sikufikiri. Mkunga akacheka, akasema, "Huyu ni binti, mama." Nikamwambia najua.

Mama mkwe alikuja kutoka Malindi kunitunza uzazi. Sitamsema vibaya. Ananikanda kwa maji moto asubuhi na jioni, ananipikia uji wa pilipili manga, ananifunga tumbo kwa mkono wake. Lakini siku aliponisikia namwita mtoto Baraka aliweka bakuli chini akasema, "Hilo jina la mwanamume. Mtoto wa kike utamwitaje jina la mwanamume? Watamcheka chuoni." Anataka aitwe Rukia, jina la marehemu mamake. Mjomba wa mume wangu anasomesha madrasa, naye akaongeza kwa simu kwamba iko hadithi inayokataza jina hilo. Na wifi yangu akasema neno ambalo mpaka leo halijanitoka: "Mlitaka mwanamume, sasa mnamvisha huyu nguo ya mwenzake."

Kabla sijajifungua, mama mkwe alishatuma pesa za mbuzi wawili wa akika, wale wanaochinjwa kwa ajili ya mtoto mchanga. Wamefungwa uani kwa jirani mpaka sasa, maana siku ya saba ilipita hivi hivi. Mume wangu alisema tungoje tuafikiane jina. Naye tulikubaliana, Bi Mshauri, tulikubaliana kabisa, lakini mamake akimuuliza huinamia simu. Mimi nikimuuliza ananiambia, "Jina ni jina tu, mridhishe mama yaishe."

Kitabu cha kliniki, palipo na nafasi ya jina, muuguzi ameandika "Mtoto wa" kisha jina langu. Nyumbani mama mkwe anamwita Rukia. Mimi namwita Baraka tukiwa wawili peke yetu. Babake anamwita "mtoto". Wakati mwingine nikinyonyesha machozi hunitoka tu, hata sijui ni ya nini.

Naomba unieleze: Baraka ni jina la kiume au la kike? Nikilishikilia nitakuwa nimemkosea mwanangu? Na nikiliachia, nitakuwa nimemkosea nani?

Mama wa Langoni

*

Waalaykum salaam, mwanangu. Hongera kwa uzazi, na Mola akukuzieni binti yenu. Na kwa ile mimba ya kwanza, pole sana. Mtoto mzima akishakuwa mikononi watu huona habari ya nyuma imekwisha. Mimi naiona katika barua yako kila ninapogeuka, kwa hiyo nami sitaiacha.

Umeniuliza Baraka ni jina la nani. Nikikujibu kwa masikio ya mwambao wetu wa leo, kutoka Lamu mpaka Malindi na Mombasa, wengi wakilisikia watamfikiria mwanamume. Mama mkwe wako hakulizua. Kiswahili chetu hakimtenganishi mume na mke katika maneno ya kawaida. Ukisema "amefika", aliye chumba cha pili hajui ni nani aliyefika. Basi kazi hiyo tumeliachia jina, na ndiyo maana watu huwa wakali kwa jina kuliko kwa mambo makubwa zaidi. Yuko mwalimu atakayesoma orodha ya darasa akatafuta uso wa mvulana. Yuko karani atakayemwambia binti yako katika simu, "Nipe Baraka mwenyewe nizungumze naye." Haya yatatokea, na ni vizuri uyajue mapema.

Lakini masikio hayo yamezoeshwa na watu waliokutana nao, hakuna zaidi. Mama aliyemlea Mtume wetu (s.a.w.) baada ya Bi Amina kufariki pale Abwaa, jina lake lilikuwa Baraka. Baraka binti Thaalaba, mwanamke wa Kihabeshi, mamake Usama bin Zayd. Sisi tumemzoea kwa jina la Ummu Ayman, kwa kumtaja mwanawe mwingine, na kwa sababu hiyo hata waliosoma husahau lile alilojulikana nalo kabla hajawa mama wa mtu. Nikimkumbuka yeye, siwezi kuungana na anayesema jina hili halimfai mtoto wa kike. Siwezi pia kukuahidi kwamba majirani zako wa Langoni watamkumbuka yeye kwanza.

Wala si jina la pekee. Amani Abeid Karume alikuwa rais wa Zanzibar kuanzia 2000 hadi 2010, na wako akina Amani wengi wanaovaa buibui. Nuru, Riziki, Bahati, Zawadi, Furaha: ukiita mojawapo katika mtaa wa Malindi, kwa Waswahili au kwa Wagiriama, usishangae akiitika mvulana na dada mtu mzima kwa pamoja. Kila mji na kila ukoo umeegemea upande wake kwa majina haya, na upande huo huhama watu wakihama.

Kuhusu hadithi aliyoitaja mjomba wa mumeo, nadhani najua anakusudia nini, na hakukuongopea. Katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa sahaba Samura kwamba Mtume alikataza majina yenye maana njema kama Rabah na Yasar na Aflah, kwa sababu mtu akiuliza kama yupo na akajibiwa "hayupo", jibu huwa si zuri kulisikia. Humo humo sahaba Jabir anasimulia kwamba Mtume alitaka kulikataza jina la Baraka pamoja na mengine, kisha akanyamaza, akafariki bila kulikataza. Wanachuoni wa Kishafii, akiwemo Imamu Nawawi, wamelichukulia katazo hilo kuwa ni la karaha, yaani jambo lisilopendeza, si la uharamu. Mimi si mufti; mkae na sheikh mnayemwamini, wewe na mumeo, awasomee habari yote. Angalia lakini kwamba hoja hiyo ingemhusu mvulana vile vile. Kama jina lilikuwa sawa pale skani ilipowaambia mwanamume, hadithi hii haikugeuka siku alipozaliwa msichana. Ningependa mumeo amuulize mjomba jambo hilo kwa adabu, kwa sababu naona dini imeingizwa katikati ya mazungumzo ambayo yalikuwa ya kitu kingine.

Sasa niruhusu nikuulize wewe, na usinichukie.

Jina la Baraka mlilichagua usiku wa skani, mliposhajua, au mliposhaambiwa, kwamba ni mvulana. Kumbe hata katika sikio lako wewe, usiku ule, lilikuwa jina la mwanamume. Huenda neno la wifi yako limekuuma kwa sababu uliwahi kujiuliza jambo hilo hilo peke yako, ukalifukuza. Sisemi ana haki ya kulisema vile alivyolisema, kwa mzazi ambaye hata arobaini hajatoka. Nasema swali lililomo ndani yake unastahili kulijibu mwenyewe, bila mtu kukusimamia: unapomwita Baraka, unamwita huyu, au unamwita yule uliyemngoja?

Nikisoma barua yako naona ushahidi wa pande zote mbili. Uliyekuwa ukizungumza naye jikoni ni huyu huyu. Hakukuwa na mwingine humo ndani. Teke alilipiga yeye. Skani ilikosea jinsia yake tu, haikukosea ni nani. Kwa upande huo jina ni lake, na amelisikia kabla ya jina jingine lolote. Upande wa pili ni kwamba umebeba misiba miwili. Mmoja ni wa mimba ya kwanza, ambayo hukuipa jina. Wa pili ni mdogo, na wazazi wengi huona haya kuutaja: kumuaga yule mtoto mliyemchora akilini miezi kadhaa, hata kama aliyekuja mnampenda kwa roho yote. Inawezekana kumpenda binti yako kabisa na bado ukamkumbuka mvulana wa skani. Hilo si kosa wala kufuru. Lakini kama jina lina kazi ya kumhifadhi yule, binti atakuja kulihisi akikua, hasa siku atakaposimuliwa kwamba mbuzi walikuwa wawili, idadi ya akika ya mvulana.

Naomba pia umtazame mama mkwe kwa jicho jingine. Amesema watamcheka chuoni. Mtu anayekukanda asubuhi na jioni hana nia ya kukushinda. Naona hofu ya bibi anayemtakia mjukuu wake asianze maisha kwa kujieleza. Huenda pia anaona kile alichokiona wifi yako na hakutaka kukitamka: mjukuu wake wa kike asije akaishi na jina la mvulana ambaye hakuzaliwa. Na huyo Rukia, mamake, umewahi kumuuliza alikuwa mtu wa namna gani? Rukia ni jina tukufu, la bintiye Mtume, lakini nina hakika mama mkwe halitaki kwa sababu hiyo pekee. Mkae siku moja akikukanda, umwambie akusimulie. Usimuulize ili umshinde kwa hoja. Muulize kwa sababu huyo ni bibi mkubwa wa binti yako, awe na jina lake au asiwe nalo.

Mumeo ndiye anayenitia wasiwasi kidogo. Unaandika kwamba mlikubaliana, kisha unalirudia, na mtu hurudia neno pale anapoona linaponyoka. Labda alikubali kwa mtoto wa kiume, na kwa binti hakuwahi kuulizwa. Labda analitaka sana na hajui jinsi ya kumkabili mamake, ambaye amesafiri kutoka Malindi kuja kumhudumia mkewe. Labda kweli kwake jina ni jina tu. Hizi ni habari tatu tofauti na kila moja ina dawa yake, lakini wewe unaishi kana kwamba unaijua ni ipi. Baba ana haki kubwa katika jina la mtoto, na haki hiyo ina wajibu ndani yake: hawezi kuwaachia wanawake wawili waivute kamba, kisha akaja kulitumia jina la aliyeshinda. Mwambie aseme lake kwanza, hata likiwa silo unalotaka kusikia.

Tuzitazame njia zilizopo. Unaweza kumpa Baraka bila kuongeza wala kupunguza. Kwetu jina halitembei peke yake, hufuatwa na la baba na la babu, na tukitia "binti" katikati hakuna atakayebabaika: Baraka binti fulani. Cheti cha kuzaliwa na baadaye kitambulisho vina mahali pa jinsia, kwa hiyo serikali haitampoteza. Hatari ya njia hii haiko sana kwenye makaratasi, iko nyumbani. Kama bibi ataendelea kumwita Rukia kwa kinyongo na wewe Baraka kwa ushindi, mtoto atajifunza mapema kwamba akimwitikia mmoja anamkosea mwingine.

Iko njia ya wazee wetu wa huku. Mvulana akizaliwa Ijumaa ni Juma, msichana ni Mwanajuma. Hamisi, Mwanahamisi. Idi, Mwanaidi. Na Mwana lenyewe ni heshima ya mwanamke katika visiwa hivi. Wote tunamjua Mwana Kupona binti Msham wa Pate, aliyemtungia bintiye Mwana Hashima wosia mwaka 1858. Mwanabaraka, kwa sikio langu, ni jina lenye mwendo wa Lamu kabisa, na lile ulilomwita tumboni limo ndani mwake, zima. Nakiri nalipenda, na upendo wangu usiuhesabu kuwa hukumu. Huenda ukaliona la kizamani. Huenda wewe ukahisi umekatwa nusu na mama mkwe akahisi amechezewa akili. Na watoto wa mtaani wana haraka: watalifupisha, na hujui watabakisha upande gani.

Wengine wangekwambia mpe mawili, la cheti na la nyumbani, Rukia kwa bibi na Baraka kwa mama. Mwambao huu umejaa watu ambao jina lao la cheti hulisikia siku ya mtihani na siku ya ndoa tu, na wanaishi vizuri. Kwenu naliogopa kidogo, kwa sababu majina hayo mawili tayari yana wenyewe wanaovutana. Yakiwa mawili kwa furaha ni utajiri. Yakiwa mawili kwa sababu hakuna aliyekubali kushuka, mgogoro utakuwa umepewa makazi ya kudumu.

Na unaweza kumwita Rukia, ukaliweka Baraka kando. Kama moyo wako, baada ya kusikia habari za huyo Rukia, utalegea wenyewe, basi hutakuwa umemkosea mtu. Kama utakubali ili yaishe tu, kama asemavyo mumeo, nahofia hayatakwisha. Utakuwa unamwita mwanao kwa jina ambalo kila ukilitamka unakumbuka ulinyamazishwa. Wala usiliachie Baraka kwa kujiambia utalihifadhi kwa mtoto wa kiume wa baadaye. Huyo hatumjui, na huyu yuko hapa.

Muda mnao kuliko mnavyodhani. Akika ikipita siku ya saba, wako wanaoifanya ya 14 au ya 21, na katika madhehebu yetu ya Kishafii nafasi iko mpaka mtoto abaleghe. Kwa binti mbuzi mmoja anatosha. Yule wa pili mshaurianeni na aliyetoa pesa, na msimfanye kuwa habari. Jina lenyewe halilazimiki kungoja akika, kwani Mtume alimpa mwanawe jina la Ibrahim usiku ule ule aliozaliwa. Kwa upande wa serikali, Sheria ya Kuandikisha Vizazi na Vifo, Sura ya 149, inataka mtoto aandikishwe ndani ya miezi 6, na inampa mzazi miaka 2 tangu kuandikishwa kuliongeza au kulibadilisha jina katika daftari kwa ada. Baada ya hapo ni mambo ya wakili, hati ya kubadili jina na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, gharama na usumbufu. Kwa hiyo msikimbilie ofisini mkiwa na hasira, na msilale pia.

Machozi yako sikuyasahau. Siku za mwanzo baada ya kujifungua wanawake wengi hulia bila sababu wanayoweza kuitaja, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki 2 hivi. Yakizidi hapo, au ukianza kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, au ukiona humwonei raha mtoto wala chakula, usidhani ni habari ya jina peke yake. Mtoto ana miadi ya chanjo akifika wiki 6, lakini huna haja ya kuingoja: nenda mapema, umwambie muuguzi waziwazi unavyojisikia, na umtaje pia mtoto wa kwanza uliyempoteza. Ukiwa na uzito wa kusema mbele ya watu, mwombe mnong'one kando. Na mama mkwe, nadhani, ukimwomba akusindikize atakuja.